Nani hulipia bwawa la mchanga? Kuhesabu mchango wa wananchi pasipo soko la kaboni

Mwezi wa Agosti, mto wa msimu huko Makueni au Kitui, mashariki ya Kenya, huwa kama barabara ya mchanga. Maji yapo, ila yako chini. Anayeyataka huchimba shimo, husubiri yachuje, kisha huyateka kwa kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae. Bwawa la mchanga ni ukuta unaokatiza mto wa namna hiyo, ukiwa umekaa juu ya mwamba, ili kila mafuriko yakipita yaache mchanga nyuma yake. Baada ya misimu michache ya mvua nafasi hiyo hujaa mchanga, na katikati ya punje za mchanga mnakaa maji. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawazalii humo, na ng'ombe hawayakanyagi kama wanavyokanyaga ya silanga la kawaida, yaani bwawa la wazi.

Mabwawa haya yako mengi Ukambani, eneo la Makueni, Kitui na Machakos, na mengi yamejengwa kwa mpango mmoja. Mtu wa nje, liwe shirika, kaunti, kanisa au watoto wa kijiji waliohamia mjini, huleta saruji, nondo na fundi. Wananchi huleta mawe, mchanga, maji na mikono. Hapo hakuna soko la kaboni, yaani hakuna tani ya hewa chafu iliyozuiwa au kufyonzwa inayouzwa, wala mnunuzi anayesubiri hati ya kufidia uchafu wake. Lakini kwenye karatasi za mradi upande wa mfadhili huandikwa mpaka senti ya mwisho, na upande wa wananchi hupewa mstari mmoja: "mchango wa jamii". Mstari huo unabeba sehemu kubwa ya bwawa, na ndio unaoamua kama litatoa maji. Unastahili kufunguliwa.

Mchango na fidia ni vitu viwili

Soko la kaboni huuza tani. Mfano unaojulikana pwani yetu ni Mikoko Pamoja ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Tangu 2013 wanakijiji hutunza hekta 117 za mikoko, na takriban tani 3,000 za kabonidioksaidi kwa mwaka huuzwa kwa hati za Plan Vivo, mfumo wa kuthibitisha miradi ya aina hii. Mapato huingia kwenye kazi za kijiji kama maji na shule. Mnunuzi naye hupata neno la kusema: kiasi fulani cha hewa chafu niliyotoa kimefidiwa. Ili aweze kusema hivyo, hali ya msitu ilipimwa kabla, hupimwa tena na tena, na mtu asiye wa kijiji huthibitisha.

Bwawa la mchanga haliingii kwenye utaratibu huo. Faida yake ni maji, na mtungi wa maji hauna tani ndani yake. Tena ukuta wenyewe hula saruji, na kutengeneza saruji hutoa kabonidioksaidi. Kwa hiyo anayetoa pesa, jiwe au siku ya kazi kwa ajili ya bwawa anachangia. Anaweza kusema "nimesaidia kujenga". Hawezi kusema "nimefuta uchafu wangu". Kampuni ikijitolea kununua saruji, kikundi kiandike wazi kwenye barua ya makubaliano: fedha hizi ni mchango wa ujenzi, hakuna tani ya kaboni iliyouzwa wala haki ya kaboni iliyohamishwa. Sentensi hiyo ni fupi, lakini ina kazi. Mikataba ya misaada huweza kubeba kifungu kinachokabidhi haki za kaboni za miti iliyopo kingoni, na mwenye shamba akishatia sahihi huenda asijue alichotoa.

Kuna tofauti nyingine. Kwenye miradi ya kaboni inayotumia ardhi, marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya Kenya ya 2023 yanataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na makubaliano ya maendeleo ya jamii yaandikwe. Nje ya soko hakuna asilimia ya kulindwa na sheria, kwa sababu hakuna mapato. Kinachomlinda mchangiaji ni daftari la kikundi chenyewe, na vikundi vingi hulianza wakati kazi imefika nusu.

Ukuta mmoja, kwa hesabu

Chukua ukuta mdogo: urefu wa mita 20 kutoka kingo hadi kingo, kimo cha mita 2. Kwa ukuta wa mawe, kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni upana wa chini kuwa robo tatu ya kimo na upana wa juu kuwa sehemu moja ya tano. Hiyo ni mita 1.5 chini na sentimita 40 juu. Ujazo wake ni mita za ujazo 38, bila kuhesabu msingi uliozama wala mbawa zinazoingia kwenye kingo.

Kila mita ya ujazo ya ukuta wa mawe hubeba karibu tani 1.7 za mawe. Ukuta huu basi unataka tani 65 hivi. Wilbaro ikibeba kilo 60 kwa safari, ni safari zaidi ya 1,000. Kikundi cha watu 35 kikigawana sawasawa, kila mmoja ana safari 31, na hapo jiwe limeshavunjwa na kupakiwa. Mchanga wa kuchanganyia ni mita za ujazo 14. Saruji ni karibu mifuko mitatu kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko 110 hadi 120. Maji ya kuchanganyia ni kama mitungi 170.

Sasa lije lile linalosahauliwa. Ukuta ukishapanda lazima ufunikwe kwa magunia na umwagiwe maji asubuhi na jioni kwa majuma matatu hadi manne, maana saruji hukomaa kwa unyevu. Mitungi 20 kwa siku kwa siku 28 ni mitungi 560, zaidi ya mara tatu ya maji ya kuchanganyia. Punda mmoja hubeba minne, kwa hiyo ni safari 140 za punda. Na safari hizo huja wakati fundi ameshaondoka, sherehe ya kumaliza imeshafanywa, na kila mtu anarudi shambani kwake kutayarisha mashimo ya kupandia. Ukuta ukikauka kwa jua la Septemba bila kumwagiwa hubaki na nyufa nyembamba kama uzi. Mwaka wa kwanza hazionekani. Mwaka wa tatu maji yanachirizika mbele ya ukuta na watu wanasema fundi aliiba saruji.

Kwa sababu hiyo maji ya kukomazia yaandikwe kwenye mpango kama kazi kamili, yenye zamu na majina, kabla jiwe la kwanza halijabebwa. Kikundi kisichoweza kujaza zamu za siku 28 kijenge ukuta mfupi zaidi.

Kalenda nayo haina huruma. Ukambani ina mvua mbili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na wakulima wengi hutegemea zaidi hiyo ya pili. Dirisha la kujenga ni Juni hadi Septemba. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Oktoba mosi: majuma manne ya kukomaza, majuma mawili au matatu ya kujenga, juma moja au mawili ya kuchimba msingi. Mawe yote lazima yawe yamerundikwa ukingoni kufikia mwisho wa Julai. Kwa hiyo saruji isiagizwe mpaka rundo la mawe limepimwa na kutosha. Saruji iliyokaa stoo miezi mitatu hupoteza nguvu hata kama mfuko haujafunguliwa, na iliyolazwa chini kwenye sakafu ya udongo hugeuka mawe mapema zaidi. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta wa nyumba, isizidi mifuko 10 kwenda juu.

Nondo inasema nini

Kabla ya mtu yeyote kuombwa mchango, mahali pawe pameshajulikana. Kuwabebesha watu tani 65 kwenda mahali pabaya ni kuwadhulumu, na mara nyingi mahali huchaguliwa kwa sababu ni karibu na shamba la mwenyekiti.

Kifaa ni nondo ya milimita 16, yenye mikato midogo ubavuni kila sentimita 25. Inapigwa kwa nyundo kwenda chini kwenye mchanga, kila baada ya mita chache, ikivuka mto kutoka kingo moja hadi nyingine. Ikigonga mwamba hudunda na kulia. Ikizama kwenye mfinyanzi haitoi sauti, na ukiichomoa unaona udongo umeganda kwenye mikato. Mikato hiyo ndiyo shahidi: sentimita 50 mchanga mkavu, mita moja mchanga wenye unyevu, mita moja na robo mwamba. Panapofaa ni pale mwamba upo karibu na juu na umeendelea bila kukatika hadi kwenye kingo zote mbili, kingo zenyewe ni ndefu, na mto umenyooka. Kwenye kona mafuriko hupiga upande mmoja na kuula.

Alama nyingine wenyeji huzijua kuliko mhandisi. Shimo gani huwa la mwisho kukauka? Mkuyu mkubwa umesimama wapi? Ng'ombe hulamba udongo wapi? Panapolambwa pana chumvi, na bwawa likijengwa chini ya hapo maji yake yanaweza kuwa ya chumvi. Maarifa haya ni mchango pia. Huyaoni kwenye bajeti yoyote, nasi tunaona ni kosa.

Siku 116 au siku 16

Tuje kwenye sehemu inayobishaniwa kidogo na kuharibu mengi. Mchanga wa aina tofauti hutoa maji kwa kiasi tofauti. Jipimie mwenyewe. Toboa debe la lita 20 chini kidogo, ziba tundu, lijaze mchanga mkavu wa mto, mimina maji polepole ukihesabu hadi yaonekane juu. Yataingia kama lita 8 au 9, iwe mchanga ni mnene au laini. Kisha zibua tundu na ukinge kinachotoka. Mchanga mnene, wenye punje kama za mtama, hutoa karibu asilimia 35 ya ujazo wake, yaani lita 7. Mchanga wa kati hutoa asilimia 25. Mchanga laini hutoa 19. Tope laini, ingawa limekunywa karibu maji yaleyale, hutoa asilimia 5: lita moja tu kwa debe zima. Maji mengine yamo, lakini yameshikwa na hayatoki.

Rudisha hesabu hiyo kwenye ukuta wetu. Mto ukiwa na mteremko wa mita moja kwa kila mita 100, ukuta wa mita 2 husukuma mchanga nyuma kiasi cha mita 200. Makadirio ya kawaida ni kina mara upana mara urefu, gawanya kwa 6: mita za ujazo 1,333 za mchanga. Kaya 40 zikiteka mitungi mitano kila moja kwa siku ni mitungi 200. Bwawa likijaa mchanga mnene, maji yake ni mitungi 23,300, ya siku 116. Likijaa mchanga wa kati ni siku 83. Likijaa tope ni siku 16.

Ni ukuta uleule, mawe yaleyale, safari zilezile 31 kwa kila mtu. Kinachotenganisha siku 116 na 16 hakipo mtoni. Kipo mlimani, kwenye mashamba ambayo mvua huyaosha. Shamba lililo wazi, lisilo na matuta, huteremsha udongo laini, na udongo huo ukifika kwenye maji yaliyotulia nyuma ya ukuta hutua.

Hapa ndipo penye fundo la mchango wote. Wanaochimba matuta juu ya mlima mara nyingi si wanaoteka maji ya bwawa. Nyumba zao ziko mbali, wengine wako upande wa pili wa kilima na wana kisima chao. Kuwaomba wachimbe kwa ajili ya bwawa la wenzao ni kuwaomba hisani, na hisani ya jembe huisha siku ya pili. Kinachofaa ni kazi kuzunguka: kikundi cha bwawa kinapanda mlimani na kuchimba matuta kwenye shamba la huyu leo, la yule juma lijalo. Mwenye shamba anapata matuta yanayoshika mvua na mbolea yake. Bwawa linapata mchanga safi. Wakamba wanaita kazi ya namna hii mwethya, na wanawake ndio hujaa zaidi kwenye mwethya.

Tuta la fanya juu ni mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo wake ukitupwa upande wa juu. Mita 100 ni mita za ujazo 36 za udongo. Kwenye ardhi isiyo ngumu mtu mwenye nguvu hufikisha mita nne au tano kwa asubuhi moja, kwa hiyo watu 20 wanaweza kumaliza mita 100 hizo na kurudi nyumbani kabla ya jua kali. Mstari upimwe kwa kamba ya mita 10, fito mbili na pimamaji ndogo inayoning'inia katikati ya kamba. Tusiruke hatua hii. Tuta lililochorwa kwa macho huwa na mahali palipolala. Maji hukusanyika hapo, hupasua, na nguvu yake huangukia tuta la chini, nalo likapasuka, hadi chini kabisa. Asubuhi moja ya Novemba kazi ya mwezi mzima ikawa korongo. Juu ya tuta panda nyasi, makarikari au nepia, zishike udongo na zilishe ng'ombe.

Matuta haya yaanze mwaka mmoja kabla ya ukuta. Tunajua ni neno gumu, kwa sababu pesa za mfadhili huwa na tarehe na haziingojei milima. Lakini kikundi chenye mita 2,000 za matuta kwenye daftari kina jambo la kumwonyesha mfadhili, kuliko chenye ahadi.

Kuna njia nyingine ya kupigana na tope, nayo mafundi hawakubaliani juu yake. Wengine hujenga sehemu ya katikati, mafuriko yanapopitia, kwa hatua: sentimita 30 kwanza, msimu mmoja upite, mchanga mnene ujae na tope lielee na kwenda zake, kisha wanaongeza 30 nyingine. Wengine humaliza ukuta wote mara moja na kusema mto wenye mchanga mwingi hujichagulia wenyewe. Kwa upande wa mchango tofauti ni kubwa. Kujenga kwa hatua ni kuwaita watu mara tatu au nne kwa miaka kadhaa, na kila mwito huja na watu wachache kuliko uliopita. Maoni yetu: mahali penye mashamba mengi yaliyo wazi juu, jengeni kwa hatua lakini rundikeni mawe yote ya hatua zote mwaka wa kwanza, wakati moyo bado ni moto.

Daftari

Kuna namna tatu za kuhesabu mchango: siku, kiasi na pesa. Kila moja ina hila yake.

Ukihesabu siku peke yake, aliyefika saa nne na kukaa kivulini analingana na aliyefika saa moja. Ukihesabu kiasi peke yake, mzee, mjamzito na mwenye mguu mbovu wanaonekana wavivu. Ukihesabu pesa, kila kitu kinaonekana sawa, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu wa Nairobi mwenye shamba kijijini atatuma pesa kwa simu badala ya kuja. Hilo ni zuri mpaka bei ya siku iwe ndogo kuliko kibarua cha kweli. Ikiwa ndogo, wenye uwezo wote hulipa na mikono haipo, mawe yanabaki mlimani na mweka hazina ana pesa zisizotosha kuajiri mtu.

Mpango unaofanya kazi huchanganya. Mawe na mchanga huhesabiwa kwa rundo lililopimwa: vigingi vinne, mita mbili kwa mita moja, kimo nusu mita, hiyo ni mita moja ya ujazo, na rundo likipimwa linapakwa chokaa ili lisihesabiwe mara mbili. Kuchimba huhesabiwa kwa mita. Kupika, kulea watoto wa wachimbaji, kuandika na kulinda stoo huhesabiwa kwa siku, na siku hiyo ni sawa na ya mchimbaji. Asiyeweza kuja hulipa kiasi kilekile ambacho kibarua wa shamba alilipwa juma hilo pale kijijini, na pesa hizo humwajiri mtu wa kuziba pengo lake siku ileile. Ziingie kwenye namba ya kikundi, si ya mtu, na ujumbe wa simu usomwe mbele ya mkutano.

Ukurasa wa daftari uwe na tarehe, jina, kazi, kiasi na sahihi au alama ya kidole. Usomwe kwa sauti jioni hiyohiyo, wakati watu bado wanakumbuka. Daftari linalosomwa mwisho wa mwezi ni ugomvi. Na pale mfadhili anapotaka asilimia fulani ya "mchango wa jamii" kwa shilingi, katibu huchukua jumla za daftari na kuzizidisha kwa bei ya kijiji. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume: asilimia inatajwa kwanza, kisha tarakimu inatafutwa ili ifike. Kikundi kinachokubali hivyo kinajinyima silaha. Mwaka utakaofuata, kikitaka kuonyesha kwamba kilibeba sehemu kubwa ya gharama, hakina ushahidi.

Hiari ni nini

Ukambani inalijua hili kwa uchungu. Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwenda Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe. Matuta ya shuruti yalichukiwa. Baadaye, watu walipochimba wenyewe kwa mwethya, mashambani mwao na kwa faida yao, wilaya ya zamani ya Machakos ilijaa matuta wakati idadi ya watu ikipanda kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Jembe lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua.

Kwa hiyo swali la hiari huulizwa mahali pamoja: je, mtu anaweza kukataa bila kunyimwa maji? Chifu akisema asiyebeba mawe asikanyage mtoni, huo ni ushuru. Tena ni kinyume cha sheria, maana kwa Sheria ya Maji ya 2016 maji ya mto si mali ya kikundi. Yako mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wote, na kujenga ukuta mtoni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mchango haununui maji. Unachoweza kununua kwa haki ni sauti: kura kwenye kamati, nafasi ya kwanza kwenye zamu ya kumwagilia bustani, na bei ndogo kwenye pampu ya kisima cha kando, kwa kuwa pampu ni mali ya kikundi na ina vipuri vya kununuliwa. Mpita njia na mfugaji wanywe.

Makubaliano ya ardhi yaandikwe kabla ya msingi. Wenye mashamba ya kingo zote mbili watie sahihi, pamoja na wake zao au watoto wakubwa, kwamba njia ya kuteremka mtoni ni ya watu wote na itapimwa upana. Baba akikubali kwa mdomo na kufariki, mwanawe huweka ua, na bwawa lililobebwa na watu 35 linakuwa la familia moja. Kikundi nacho kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ili kiweze kushika makubaliano hayo kwa jina lake.

Baada ya mafuriko ya kwanza

Mbawa za ukuta ndizo huangukiwa kwanza. Kwenye kingo za udongo laini ziingie ndani kiasi cha mita 7, kwenye udongo mgumu mita 5. Zikikatwa fupi ili kuokoa saruji, mto huzunguka ukuta na kutafuta njia mpya, na ukuta unabaki umesimama peke yake katikati ya mchanga. Maji yakipita chini, ni kwamba msingi haukufika kwenye mwamba, au ulifika kwenye mwamba wenye ufa usiozibwa kwa saruji nyembamba. Kutoboa ukuta na kuweka bomba lenye mfereji kunapendwa kwa urahisi wake, lakini mfereji mmoja ulioachwa wazi usiku huweza kumwaga mtoni maji ya siku nyingi. Kisima cha kando chenye pampu kinagharimu zaidi na kina hatari ndogo.

Kisha kuna lori. Mchanga uliokusanyika nyuma ya ukuta ni mchanga mzuri wa kujengea, na madalali wanaujua. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, lakini sheria haikai mtoni usiku. Lori moja la mita za ujazo 7, kwenye mchanga mnene, linaondoka na nafasi ya mitungi 120 ya maji, na nafasi hiyo haijai tena hadi mafuriko mengine yalete mchanga. Zamu za ulinzi ziandikwe kwenye daftari lilelile la mawe, kwa siku, zenye thamani ileile.

Mafuriko ya kwanza yakipungua, watu watatu waliochaguliwa wapite asubuhi hiyo kutoka ubawa hadi ubawa. Watazame kama udongo umeliwa nyuma ya mbawa, kama maji yanabubujika chini ya ukuta, na wachukue debe la mchanga mpya kutoka sehemu tatu: karibu na ukuta, mita 50 nyuma, mita 100 nyuma. Debe lizibuliwe, maji yakingwe, lita zihesabiwe na kuandikwa. Zikiwa chini ya 4, kazi ya juma lijalo iko mlimani.